Kuhifadhi rekodi za jukwaani za panki ya Washington: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ninaulizwa na watu wa namna tatu: waliokuwa vijana Washington miaka ya 80 na 90 na bado wana kanda kwenye maboksi, watoto wao waliorithi maboksi hayo, na Waswahili wenzangu wanaoupenda muziki huu na kutaka kujua rekodi za zamani zinaokolewaje. Penye mengi ya kusema nimesema mengi.

Panki ya Washington ni ipi hasa?

Ni roki ya kasi na makelele iliyopigwa na vijana wa mji mkuu wa Marekani kuanzia mwisho wa miaka ya 70, nje ya kampuni kubwa za muziki. Bad Brains, vijana wanne weusi walioanza na jazi ya mchanganyiko kabla ya kugeukia panki na kuichanganya na rege ya Kirasta, ndio waliowatia wenzao moto. Aliyewaona jukwaani mwaka 1979 au 1980 alitoka pale akijua kwamba bendi inaweza kupiga kwa kasi ile na bado kila noti ikasikika.

Mwaka 1980 Ian MacKaye, Jeff Nelson na Nathan Strejcek, waliokuwa katika bendi ya The Teen Idles, walianzisha Dischord Records ili kutoa santuri ya bendi yao, ingawa bendi yenyewe ilikuwa imeshavunjika. Lebo hiyo ipo mpaka leo. Baadaye zikaja Minor Threat, Rites of Spring, Fugazi, na bendi nyingine nyingi ambazo zilipiga kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu na kwenye kumbi za makanisa, zikadumu mwaka mmoja, zikapotea. Hizo zilizopotea ndizo zinazonikosesha usingizi.

Kumbi zilizotajwa sana kwenye kanda ni 9:30 Club, iliyofunguliwa mwaka 1980 katika nyumba namba 930 ya F Street na kuhamia V Street mwaka 1996, d.c. space, Wilson Center, na bustani ya Fort Reno, ambako muziki wa kiangazi hupigwa bure. Ukikuta majina hayo kwenye karatasi ya kanda, usiitupe.

Albamu zipo. Rekodi za jukwaani ni za nini?

Kwanza, bendi nyingi hazina albamu. Zilikuwa na nyimbo kumi, zikarekodi mbili, au hazikurekodi kabisa kwa kukosa pesa. Kanda ya mtu aliyesimama karibu na spika ndiyo pekee inayothibitisha kwamba bendi hiyo iliwahi kupiga.

Pili, hata bendi kubwa zilikuwa kitu kingine zikiwa jukwaani. Fugazi walipanda jukwaani bila orodha ya nyimbo. Mmoja anaanza, wenzake wanamsikia, wanaingia. Wimbo unaoujua kwa dakika tatu unaweza kufunguka katikati ukawa wa dakika saba, na usiku unaofuata haufunguki hivyo tena. Ukisikiliza maonyesho matano ya ziara moja unawasikia wakijaribu jambo, wakilikosa, wakilipata.

Tatu, kuna maneno kati ya nyimbo. Kwenye kanda za Fugazi utamsikia MacKaye au Guy Picciotto, waimbaji na wapiga gitaa wao, akisimamisha muziki na kumwambia kijana fulani, kwa upole na kwa uthabiti, aache kuwaumiza wenzake mbele ya jukwaa. Utasikia matangazo ya maandamano, ya makazi ya wasio na nyumba, ya nani anatafuta usafiri wa kurudi Baltimore. Shirika la Positive Force, lililoanza mwaka 1985, liliandaa maonyesho mengi ambayo mapato yake yalikwenda kwa mashirika ya msaada, na Fugazi wakiwa mjini kwao walipiga kwa ajili ya michango ya namna hiyo, kwa ajili ya maandamano, au bure. Tarehe 12 Januari 1991 walipiga katika bustani ya Lafayette, ng'ambo ya Ikulu ya Marekani, siku chache kabla ya vita vya Ghuba kuanza. Mambo hayo hayamo kwenye albamu yoyote ya studio.

Nani alirekodi kanda hizi?

Kuna makundi mawili na ni vizuri kuyatofautisha. La kwanza ni fundi mitambo: alichomeka deki kwenye mikseri na kubonyeza kitufe cha kurekodi. Kanda hiyo ina sauti za waimbaji waziwazi, lakini katika ukumbi mdogo gitaa hazipitii kwenye mikseri kwa wingi kwa sababu ampli zenyewe zinatosha kuujaza ukumbi. Kwa hiyo unasikia mwimbaji mkubwa mno na gitaa zikiwa mbali. Wengi hudhani kanda imeharibika, kumbe ndivyo ukumbi ulivyokuwa.

La pili ni msikilizaji mwenye kinasa sauti kidogo. Hapo unapata gitaa, ngoma, kikohozi cha jirani na mlango wa choo. Ubora ni mdogo, lakini ukumbi wote umo ndani.

Onyesho likiwa na kanda zote mbili, hifadhi zote mbili. Pia kanda ya dakika 90 hugeuzwa baada ya dakika 45, na ugeuzaji huo unakata wimbo katikati. Mara nyingi kipande kilichokosekana kwa fundi mitambo kinapatikana kwa msikilizaji, kwa sababu yeye aligeuza ya kwake wakati mwingine.

Katika mji huohuo, mashabiki wa go-go, muziki wa ngoma wa Washington, walikuwa wakinunua na kunakili kanda zilizorekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye mikseri ya onyesho. Na jamii hizi mbili zilikutana: onyesho la mwisho la Minor Threat, Septemba 1983 katika jengo la Lansburgh, walishiriki Trouble Funk, bendi ya go-go. Anayehifadhi upande mmoja wa muziki wa mji huo asiupuuze wa pili.

Kwa nini kila mara Fugazi wanatolewa mfano?

Kwa sababu walifanya kazi hii wenyewe, kwa ukamilifu ambao sijauona kwa bendi nyingine ya panki.

Fugazi walipiga maonyesho zaidi ya 1,000 kati ya mwaka 1987 na 2002, katika majimbo yote 50 ya Marekani na katika nchi nyingi nyingine. Mafundi mitambo wao walirekodi zaidi ya 800, kwanza kwenye kaseti, halafu kwenye kanda za DAT (kaseti ndogo zinazorekodi sauti kidijitali), mwishoni kwenye CD za kuchomwa. Mwaka 2004 walianza kuuza maonyesho machache kwenye CD. Desemba 2011 walifungua mkusanyiko mzima kwenye mtandao kwa kuanza na maonyesho 130, na wakaendelea kuongeza. Bei waliyopendekeza ni dola 5, sawa na kiingilio walichokipigania miaka yote, lakini mnunuzi anaweza kuchagua kutoa kuanzia dola 1 mpaka 100.

Ninachokisifu zaidi ni namna walivyopanga. Kila onyesho lina ukurasa wake, hata kama halikurekodiwa. Ukurasa una tarehe, ukumbi, mji, kiingilio, idadi ya watu pale inapojulikana, bendi nyingine zilizopiga usiku ule, vipeperushi na picha zilizotumwa na watu waliokuwepo. Ubora wa sauti nao umetajwa ili mnunuzi ajue anachukua nini. Hawakuficha maonyesho mabovu. Usiku ambao nyuzi zilikatika, umeme ukasumbua au bendi ikachoka, upo palepale na ule uliofana.

Onyesho lao la kwanza, la tarehe 3 Septemba 1987 katika Wilson Center, lipo pia. Jukwaani walikuwa watatu: MacKaye, Joe Lally kwenye gitaa la besi na Brendan Canty kwenye ngoma, Picciotto hakuwa bado ameingia kwenye bendi. Ukitoka hapo ukaenda kwenye onyesho la mwisho, London, tarehe 4 Novemba 2002, unakuwa na maisha mazima ya bendi mkononi. Ukurasa mtupu wenye tarehe na jina la ukumbi bila sauti nao ni hifadhi, maana kuna siku mtu atauona na kusema, "Mimi nilikuwepo, na kanda ninayo."

Nikitaka kukabidhi kanda zangu, niende wapi?

Kwa kanda za Washington pana mahali pawili panapojulikana. Maktaba ya umma ya mji ilianzisha kumbukumbu maalumu ya panki mwaka 2014, iliyopo katika Maktaba ya Martin Luther King Jr., jengo lililochorwa na Ludwig Mies van der Rohe. Wakutubi wake walifanya jambo la busara: waliandaa maonyesho ya bendi za sasa ndani ya maktaba yenyewe, hivyo watu wakaizoea, wakaiamini, wakaleta maboksi. Chuo Kikuu cha Maryland nacho kina mkusanyiko mkubwa wa majarida ya mashabiki, vipeperushi na rekodi za panki ya Washington.

Kabla ya kukabidhi, soma hati ya makabidhiano. Iseme nani ataruhusiwa kusikiliza, kama sauti itawekwa mtandaoni, na kama wewe utapewa nakala za kidijitali. Kukabidhi kanda hakumaanishi kukabidhi hakimiliki ya nyimbo, kwa sababu hakimiliki hiyo mara nyingi hukuwa nayo.

Kaseti inadumu miaka mingapi?

Hakuna umri mmoja. Nimeshika kaseti za mwaka 1982 zinazocheza vizuri, na za mwaka 1995 zilizokwisha. Kinachoua ni joto, unyevu, sumaku na deki mbovu. Kanda za dakika 120 ni nyembamba mno na hunyooka au kuliwa na mashine kwa urahisi. Za dakika 60 ndizo imara kuliko zote.

Kinyume na watu wengi wanavyodhani, kaseti si ya kuogopewa zaidi. Hatari kubwa iko kwenye DAT na CD za kuchomwa. Kaseti inapochakaa sauti inafifia polepole na bado unasikia kitu. DAT ikichakaa inatoa milio ya kukwaruza, halafu kimya. Mashine zake pia zinaadimika. Sony, iliyoileta sokoni mwaka 1987, iliacha kuzitengeneza mwaka 2005, na vichwa vya mashine zilizobaki vinaendelea kulika. CD ya kuchomwa ina rangi ya kikemikali inayofifia, na siku moja kompyuta inakataa kuisoma. Mtu akija na boksi la mchanganyiko, ninaanza na hizo.

Ninahitaji vifaa gani?

Deki nzuri ya kaseti iliyofanyiwa matengenezo, kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta, na programu ya kurekodi kama Audacity, ambayo ni ya bure. Usitumie vile vichezeo vya plastiki vya bei ya chini vinavyochomekwa kwenye kompyuta moja kwa moja: mwendo wake unayumba, na ukishanakili kwa mwendo unaoyumba umeihifadhi kasoro ya mashine yako pamoja na muziki.

Kabla ya kucheza chochote, vunja vile vidude viwili vya plastiki juu ya kaseti ili isiweze kurekodiwa tena kwa bahati mbaya. Tazama kile kipande cha sponji kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha deki. Kwenye kaseti za zamani gundi huachia na kipande kikadondoka, na bila hicho sauti inakuwa hafifu na ya kukatika. Kinabandikwa kingine kutoka kwenye kaseti isiyo na maana. Safisha vichwa vya deki kwa spiriti safi na pamba. Peleka kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe yote kabla ya kuicheza, ili utepe ulegee na kujipanga upya. Kama kuna unga mweupe wa kuvu kwenye utepe, usiicheze kabisa. Itenge na nyingine, maana kuvu huhamia kwenye deki na kutoka hapo kwenye kila kanda inayofuata.

Jambo linaloleta tofauti kubwa kuliko bei ya vifaa ni pembe ya kichwa cha deki. Pembeni ya kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo inayokiinamisha. Kila kanda ilirekodiwa kwenye mashine yenye pembe yake, na ikichezwa kwenye pembe nyingine sauti za juu zinapotea: matoazi yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Weka sauti ya pande mbili iwe moja, vaa spika za masikioni, sikiliza matoazi, kisha zungusha skrubu hiyo taratibu sana, robo ya robo ya mzunguko, mbele na nyuma. Kuna mahali yanafunguka ghafla na ukumbi mzima unatokea. Simama hapo. Kanda inayofuata itahitaji kurekebishwa upya, na upande wa pili wa kanda hiyohiyo pengine nao. Nimekutana na watu waliotangaza kanda zao kuwa mbovu kumbe hakuna aliyewahi kuigusa skrubu hiyo.

Kuhusu Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda: kama karatasi inasema Dolby B, cheza na Dolby B. Kama haisemi, izime, na uandike kwamba uliizima.

Kwa DAT, tumia waya wa kidijitali kutoka kwenye mashine hadi kwenye kompyuta. Usiipitishe kwenye waya za kawaida za sauti, kwa sababu utakuwa unaigeuza mara mbili bila sababu.

Nihifadhi kwa faili la aina gani?

WAV, kilohezi 96, biti 24. Kiwango cha chini kinachokubaliwa na watunza kumbukumbu za sauti duniani ni kilohezi 48 kwa biti 24, na kwa kaseti kinatosha kama nafasi ni ndogo. Kanda ya dakika 90 kwa kilohezi 96 inakula takriban gigabaiti 3.1, hivyo kanda 100 zinaingia kwenye diski ya nje ya kawaida na nafasi ikabaki. FLAC inapunguza ukubwa bila kupoteza chochote, ingawa kwa panki yenye makelele punguzo ni dogo kuliko kwa muziki mtulivu. MP3 ni ya kusikilizia na kutumiana kwenye simu. Isiwe nakala yako pekee.

Kiwango cha sauti wakati wa kunakili kisizidi desibeli 6 chini ya kilele. Panki ina sauti iliyojaa toka kwenye kanda yenyewe, na huo mkwaruzo ni wa asili. Lakini ukiijaza tena kwenye kompyuta unaongeza mkwaruzo mwingine ambao hauondoki.

Nisafishe sauti?

Nakala ya kuhifadhi, hapana. Hapo nina msimamo na sibadiliki.

Nakili upande mzima wa kanda bila kusimamisha, kuanzia kimya cha mwanzo mpaka utepe unapokata. Usikate nyimbo. Usiondoe mwanya wa dakika nne ambapo mpiga gitaa anabadilisha uzi na mwenzake anazungumza na watu kumjazia muda. Usiondoe vifijo, wala kelele za mtu anayeomba wimbo uleule kila baada ya dakika tano, wala bendi ya kwanza ambayo hakuna anayeikumbuka. Watu waliochuja kanda zao miaka ya nyuma, wakabakiza nyimbo "nzuri" na kurekodi juu ya zilizosalia, walitupunguzia historia bila kukusudia. Asiyekuwa na maana kwako leo huenda ndiye atakayetafutwa na mtafiti, na pengine na mwanawe.

Ukitaka nakala ya kusikiliza, tengeneza nyingine: rekebisha mwendo kama kanda ilikuwa inakimbia, punguza mlio wa chini wa umeme, gawa nyimbo. Lakini liite faili hilo kwa jina lake, na la asili ubaki nalo lilivyo. Programu za kuondoa mvumo zinavutia sana, nazo zikitumiwa kwa nguvu zinaondoka na matoazi na hewa ya ukumbi. Baada ya miaka michache zitakuja bora zaidi, na atakayezitumia atahitaji faili ambalo halijaguswa.

Niandike nini kuhusu kila kanda?

Tarehe, mji, ukumbi, bendi zote za usiku ule kwa mpangilio, aliyerekodi na kwa kifaa gani, kama kanda ni ya asili au ni nakala na ni nakala ya ngapi, uliinakili lini na kwa mashine gani. Piga picha karatasi ya ndani, pande zote mbili za kaseti, na boksi. Andika maneno yaliyoandikwa kama yalivyo, hata kama yana kosa. Kosa hilo linaweza kukuonyesha ni nani aliyeandika. Ongeza kiingilio kama unakijua. Dola 3 au 5 mlangoni inaeleza mengi kuhusu nani aliweza kuingia.

Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, halafu bendi, halafu ukumbi. Ukifanya hivyo kompyuta inakupangia kila kitu kwa tarehe bila kazi ya ziada.

Kanda haina tarehe. Nitaijuaje?

Sikiliza maneno kabla ya nyimbo. Mwimbaji akisema "huu ni mpya, hauna jina", na wimbo huo ulitoka kwenye santuri ya mwaka 1988, umeshajua kanda ni ya kabla ya hapo. Akitaja uchaguzi, vita au baridi ya wiki hiyo, umekaribia zaidi. Angalia aina ya kaseti na muundo wa karatasi yake, kwa kuwa viwanda vilibadilisha sura za kaseti kila baada ya miaka kadhaa. Linganisha na vipeperushi: bendi tatu zilizopiga pamoja mara moja tu zinatosha kuifunga tarehe. Kisha waulize waliokuwepo, ila usiwatajie jibu unalolitarajia, kwa sababu watakubaliana nawe. Uliza kwanza walikuja na nani na kulikuwa na hali gani ya hewa.

Kama bado hujui, andika "kati ya 1986 na 1988, makisio", pamoja na sababu ya makisio. Tarehe ya kubuni ikishaingia mtandaoni haitoki, na watu wanainakili wao kwa wao mpaka inakuwa kweli.

Ninaweza kuziweka mtandaoni?

Ukiwa na ruhusa. Kanda moja ina haki za watu kadhaa: aliyetunga wimbo, waliopiga usiku ule, na wakati mwingine aliyerekodi. Sheria ya Marekani tangu mwaka 1994 inakataza waziwazi kurekodi na kusambaza onyesho la mwanamuziki bila idhini yake. Kwetu nako haki za waigizaji na wapigaji zinatambuliwa, Tanzania kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001.

Internet Archive, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ina sehemu ya muziki wa jukwaani tangu mwaka 2002, na hupokea rekodi za wasanii waliokubali tu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutafuta bendi. Panki wana wepesi mmoja: wengi wao hawakuwa na mikataba na kampuni kubwa, hivyo anayeweza kusema ndiyo ni mtu wa kawaida unayeweza kumwandikia barua. Waandikie wote, kwa sababu idhini ya mwimbaji haimfungi mpiga ngoma. Wapelekee sauti kwanza. Ninajua watu waliolia kusikia bendi yao ya miaka 40 iliyopita, na wote walikubali.

Na mmoja akikataa?

Haiwekwi. Hifadhi faili, iandike, ifunge, muulize tena baada ya miaka. Mtu ana haki ya kutotaka maneno aliyoyasema akiwa na miaka 16 yasikilizwe na dunia. Vivyo hivyo kwa msikilizaji aliyetajwa jina jukwaani kwa ugomvi au kwa ugonjwa: kwenye nakala ya wazi nyamazisha jina hilo, kwenye nakala ya kuhifadhi liache.

Matusi ya kibaguzi yaliyopigwa kutoka kwenye umati ni suala jingine. Hayo siyafuti. Panki ya Marekani ilikuwa na watu wa namna hiyo ndani yake, na waliowapinga walihatarisha miili yao. Kuyafuta ni kuwanyang'anya ushahidi waliosimama. Weka onyo kwenye maelezo na uache sauti ijieleze.

Nakala ngapi, na wapi?

Tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya nyumba yako kabisa, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandao. Tumia programu ya kukokotoa alama ya uhakiki ya kila faili, ule msururu wa herufi na tarakimu unaobadilika hata biti moja ikiharibika, na uikague kila mwaka. Na kanda yenyewe usiitupe baada ya kuinakili.

Mimi niko Mombasa na nina kanda za taarabu za harusini. Haya yananihusu?

Yote. Kaseti ni ileile, na tatizo la kugeuza upande katikati ya wimbo ni lilelile. Taarabu ya harusini kwenye pwani ya Kenya nayo ilisambaa kwa kanda zilizorekodiwa papo hapo na kunakiliwa madukani, zikiwa na vigelegele, tuzo na majina ya wanaotuzwa. Majina hayo ni hazina, yaandike pamoja na ya mwimbaji na mtunzi wa shairi. Kwako unyevu wa bahari ndio adui mkubwa: weka kanda kwenye chombo kinachofunga vizuri chenye vifuko vya kukausha, zisimame wima, mbali na ukuta wa nje na mbali na spika.

Nina boksi zima. Nianze na kanda ipi?

DAT na CD za kuchomwa kwanza. Halafu kaseti za asili za bendi ambazo hazikutoa santuri, hasa kama waliopiga bado wapo na wanaweza kukutajia majina ya nyimbo. Kazi hiyo haisubiri. Kisha kanda zenye bendi kadhaa za usiku mmoja. Nakala za nakala zifuate. Za Fugazi ziache mwisho, ila angalia kwanza tarehe zake kwenye orodha yao: ukikuta ukurasa wa usiku huo upo na hauna sauti, itoe kanda hiyo kwenye boksi na uwaandikie leo.